SOMO: Neno «Joy», Asili Yake na Matumizi Yake



Somo la leo ni juu ya neno moja tu, tena si neno la lugha yetu. Ni neno la Kiingereza, «joy», ambalo husomwa «joi», nasi tunalitafsiri furaha. Mtu atauliza: sisi watu wa Kiswahili, Kilingala na Kifaransa, tuna shida gani na neno la Waingereza? Jibu ni kwamba limekwisha kuingia nyumbani. Wahubiri wanatufikia kutoka Uganda, Kenya na Zambia, wanahubiri kwa Kiingereza, na mfasiri anasimama kando yao akigeuza kila sentensi. Vijana wa kwaya wanaimba nyimbo za Kiingereza wakiwa hawajui nusu ya maneno yake. Jamaa zetu waliopita katika kambi kama Nyarugusu kule Tanzania wanaishi leo Marekani, na watoto wao wanapotuandikia, Kiswahili chao kimechanganyika na maneno ya shule yao mpya. Katika njia hizo zote «joy» linapita kila juma.

Pamoja na neno yamekuja mafundisho juu ya neno, na kwa sababu hiyo tuliona inafaa kuandika. Tumesikia matatu. La kwanza linasema kwamba «joy» lilitengenezwa kwa herufi tatu: J ni Jesus, yaani Yesu, O ni «others», yaani wengine, Y ni «you», yaani wewe, na kwamba hiyo ndiyo asili ya neno lenyewe. La pili linasema kwamba Mkristo awe na «joy» lakini asiseme kamwe kwamba yuko «happy», kwa maana «happy» linatoka katika bahati na bahati ni mambo ya dunia. La tatu ni la kwetu wenyewe: kwamba furaha ni neno la Waarabu, lilikuja na wafanya biashara ya watumwa, kwa hiyo tutafute jingine lililo safi. Mafundisho hayo yanasemwa mbele ya waaminifu kwa sauti kubwa, na watu wanayaandika katika daftari zao. Ni haki yapimwe.

HERUFI TATU

Tuanze na lile jepesi. Neno kutengenezwa kwa herufi za mwanzo za maneno mengine ni jambo tunalolijua sana. Sisi ni watu wa nchi ya Gécamines, Snel na SNCC. Hata ugonjwa wa sida ulipata jina lake kwa njia hiyo, kwa herufi za Kifaransa. Lakini desturi hiyo imeenea hasa katika karne ya 20. Waandishi wa zamani waliandika «joy» miaka 800 iliyopita, na wakati ule watu hawakuwa wakiunda maneno yao ya kila siku namna hiyo.

Tena kuna jambo la herufi J yenyewe. Biblia ya Kiingereza ya mfalme James ilipotoka kiwandani mwaka 1611, neno hilo lilichapishwa «ioy», kwa herufi I. Jina la Yesu pia lilichapishwa kwa I. Wachapaji wa Kiingereza walikuwa bado hawajazoea kutenganisha I na J. Jambo hilo lilikaza baadaye, katika karne ile ile ya 17. Kwa hiyo aliyeandika neno hili kwanza hakuwa na J ya kumpa Yesu.

Hatusemi kwamba fundisho la kumtanguliza Yesu, kisha jirani, kisha nafsi yako ni baya. Ni zuri, na watoto wa shule ya Jumapili walishike. Liitwe tu kwa jina lake: ni kifaa cha kukumbukia. Anayelisimamisha kama historia amewapa watoto kitu ambacho mwalimu wao wa Kiingereza atakivunja siku moja katika darasa, na siku hiyo watauliza ni nini kingine tulichowafundisha kisicho kweli.

ASILI YA KWELI

Wanafunzi wetu wa Kifaransa wako karibu na jibu kuliko wanavyodhani. Weka «joy» kando ya «joie». Ni neno moja. Waingereza walilipokea kutoka kwa Wafaransa, na Wafaransa walilirithi katika Kilatini. Kilatini kilikuwa na «gaudium», furaha, neno ambalo Wakatoliki wanalo mpaka leo katika jina la hati ya Mtaguso wa Vatikano ya mwaka 1965, Gaudium et spes. Kwa wingi, «gaudium» huwa «gaudia», furaha nyingi. Sasa, watu wa kawaida walipoendelea kusema Kilatini bila kwenda shule, walisikia ile -a ya mwisho wakadhani ni neno la umoja la kike, kama mengine mengi yenye mwisho huo. Wakasema «gaudia» moja. Kutoka hapo ulimi wa Kifaransa ukalisugua karne kwa karne mpaka likawa «joie». Ndivyo ilivyokuwa pia kwa jani: Kilatini «folium», kwa wingi «folia», na Wafaransa wakapata «feuille» moja kutoka katika majani mengi.

Tunalipenda jambo hili, nasi tunakiri kwamba tulikaa juu yake muda mrefu. Ndani ya neno hilo fupi mmelala wingi uliosahauliwa. Yeyote asemaye «joie» au «joy» anasema, bila kujua, furaha nyingi kwa pamoja.

Lakini lilifikaje Uingereza? Halikupelekwa na wamisionari. Tarehe 14 mwezi wa 10 mwaka 1066, karibu na Hastings, William mtawala wa Normandie alimshinda mfalme Harold wa Waingereza, na Harold akafa siku ile vitani. Wakubwa wa Waingereza walinyang'anywa mashamba. Mwaka 1086, mfalme mpya alipoagiza nchi yote iandikwe, sehemu kubwa ya ardhi ilikuwa imekwisha kuingia mikononi mwa watu waliovuka bahari pamoja naye. Kwa muda wa karne mbili na zaidi Kifaransa kilikuwa lugha ya nyumba ya mfalme, ya mabwana na ya mahakama. Kiingereza kilibaki shambani na jikoni.

Sisi hatuhitaji kuelezwa hali hiyo. Tunajua lugha ya ofisi ni nini, na lugha ya mama ni nini, na namna maneno ya ile ya kwanza yanavyoshuka polepole mpaka bibi kijijini anayasema kama yake. Ndivyo «joie» lilivyoshuka. Katika maandishi ya Kiingereza ya miaka ya 1200 tunalikuta tayari, tena katika vitabu vya kumcha Mungu. Biblia ya wakati wa John Wycliffe, katika miaka ya 1380, inalo. William Tyndale, aliyechapisha Agano Jipya mwaka 1526 na kuuawa mwaka 1536, analitumia pale malaika anapowatangazia wachungaji habari ya kuzaliwa kwa Kristo (Luka 2:10). Kutoka kwake likapita mpaka kwa wafasiri wa 1611.

WAINGEREZA WALIFURAHI KWA NENO GANI KABLA?

Walikuwa na maneno yao, mengi na mazuri. Lile la Luka 2:10 katika Injili zao za kale lilikuwa «gefea». Limekufa kabisa, Mwingereza wa leo ukimwambia «gefea» atadhani umepiga chafya. Jingine lilikuwa «wynn». Hilo lilikuwa pia jina la herufi moja ya alfabeti yao, herufi ya sauti ya W, iliyofanana kidogo na P. Baada ya Wanormani waandishi waliacha herufi hiyo polepole wakaandika U mbili pamoja, ndiyo W tunayoijua. Basi Waingereza walipoteza furaha katika kinywa na katika alfabeti pia. Imebaki alama ndogo tu katika «winsome», mtu mwenye kupendeza.

Neno la tatu litawashangaza baadhi yenu: «dream». Leo maana yake ni ndoto. Katika Kiingereza cha kale «dream» lilikuwa furaha, muziki, kelele za karamu. Wataalamu wanabishana kama neno la ndoto ni lile lile lililogeuka, au ni jingine lililofanana nalo, ambalo lilipata nguvu kwa Kiingereza kukaa pamoja na lugha ya Waskandinavia. Tunawajua ndugu zetu. Tunaomba asitokee mtu Jumapili ijayo kuhubiri kwamba ndoto na furaha ni roho moja kwa sababu ya Kiingereza cha kale.

Mengine yalipona. «Bliss», furaha ya mbinguni, lipo. «Mirth», furaha ya kicheko, lipo. «Glad» pia lipo, nalo mwanzoni lilikuwa na maana ya kung'aa, kitu laini kinachorudisha mwanga. Wajerumani wanalo ndugu yake, «glatt», na maana yake ni laini. Kutoka kung'aa kwa chuma likapita kung'aa kwa uso, kisha kung'aa kwa moyo. Methali 15:13 inatembea njia hiyo hiyo kwa kurudi nyuma, kutoka moyoni kwenda usoni.

NA FURAHA YETU?

Hapa tunafika penye fundisho la tatu, lile la neno safi. Ni kweli kwamba furaha ni neno la Kiarabu, «farah». Watu wa pwani walilipokea katika karne nyingi za kukaa na kufanya biashara na Waarabu. Kwetu, upande wa mashariki wa Kongo, Kiswahili kilifika katika karne ya 19 kwa njia ya misafara: kutoka Bagamoyo kupita Tabora, Ujiji, kuvuka ziwa Tanganyika, mpaka Maniema. Nyangwe na Kasongo vilikuwa vituo vyake vikubwa. Hamed bin Muhammed, ambaye watu walimwita Tippu Tip, alitawala kutoka Kasongo. Misafara ilitafuta pembe za ndovu, ikachukua na watu. Tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 1871, David Livingstone alikuwa Nyangwe, akaona kwa macho yake watu wa wafanya biashara wakiwapiga risasi wanawake na wanaume waliokuja sokoni, wengine wakizama mtoni wakikimbia.

Kwa barabara hiyo neno furaha lilitembea. Hatuna haja ya kulificha. Baadaye Kiswahili kilipata kazi nyingine, katika misheni, katika reli, katika kambi za migodi ya Katanga ambako watu wa makabila mengi walihitaji lugha moja ya kuelewana. Lakini mlango wa kwanza ulikuwa ule.

Basi angalieni mambo mawili yanayokaa uso kwa uso. Neno la furaha la Waingereza lilikuja nyuma ya farasi wa vita, na neno la furaha la kwetu lilikuja nyuma ya minyororo. Katika pande zote mbili, walioshindwa ndio waliolishika neno la waliowashinda, wakaliweka mahali pa ndani kabisa: katika kuzaliwa kwa mtoto, katika arusi, katika maombi. Mtu wa Maniema aliyemwita binti yake Furaha hakuwa akimsifu Tippu Tip. Na mkulima wa Kiingereza aliyesema «joy» juu ya mtoto wake wa kwanza hakuwa akimpigia William magoti.

Ndugu wanaotaka neno safi watalitafuta wapi? Tunayo maneno ya mababu: Kikongo kinasema «kiese», Kilingala «esengo», Tshiluba «disanka». Ni mazuri na yana ibada yake, na kila mmoja amwimbie Mungu kwa lugha ya mama yake. Lakini ukianza kufukuza kutoka Kiswahili kila neno lililokuja na Waarabu, utaondoka na neema, na imani, na dhambi, na sala, na roho. Utabaki mbele ya Mungu huna la kumwambia. Waingereza nao wakifukuza maneno ya Wanormani watakosa «grace», watakosa «faith», watakosa hata «prayer». Neno halichagui gari lililolileta. Linahukumiwa kwa kazi linayoifanya sasa.

«HAPPY» NA BAHATI

Fundisho la pili lina nusu ya ukweli, ndiyo maana ni gumu kuling'oa. «Happy» kweli linatoka katika «hap», neno la Waskandinavia lenye maana ya bahati. Katika nyumba yake wako «happen», kutokea, «perhaps», labda, na «mishap», ajali. Mtu wa kwanza kuitwa «happy» alikuwa mtu mwenye bahati njema, na maana ya kufurahi ikafuata baadaye. Kifaransa kimefanya vile vile. Wengi wetu tulidhani «bonheur» ni saa njema, «bonne heure». Sivyo. Ile «heur» si ya saa. Inatoka katika «augurium» ya Kilatini, ishara ambazo makuhani wa Roma walizitafuta katika kuruka kwa ndege. Ndiyo «malheur» nayo: ishara mbaya.

Lakini kutoka hapo mhubiri anaruka: kwa hiyo «happy» hutegemea mambo ya nje, na «joy» hutoka kwa Mungu, na Biblia inatenga hizo mbili. Biblia gani? Fungueni ile ya 1611, wale mlio nayo. Katika Yohana 13:17 Yesu, baada ya kuwaosha wanafunzi miguu, anawaita «happy» kama wakiyatenda hayo. Petro katika 1 Petro 3:14 anawaita «happy» wanaoteswa kwa ajili ya haki. Ayubu 5:17 panamwita «happy» mtu ambaye Mungu anamrudi. Kuoshana miguu, kuteswa, kupigwa fimbo ya Mungu: hakuna hata moja kati ya hayo ambalo mtu wa sokoni angeliita bahati nzuri. Tena neno la Kigiriki katika Yohana 13:17 na 1 Petro 3:14 ni lile lile ambalo katika Mathayo 5 wafasiri hao hao waliliandika «blessed». Waligawanya wenyewe. Biblia yetu ya Kiswahili ya mwaka 1952 haikugawanya. Inasema heri huku na huku. Heri nalo ni neno la Kiarabu, lenye maana ya mema.

Na kama mtu bado anaogopa «hap», aende Ruthu 2:3. Biblia ya 1611 inatumia neno hilo lenyewe, la bahati, kueleza jinsi yule mjane mgeni alivyojikuta katika sehemu ya shamba iliyokuwa ya Boazi. Hakujua ni shamba la nani. Kwa macho yake ilikuwa bahati tu, naye akaokota masuke. Mwisho wa kitabu tunaambiwa ni nani aliyezaliwa katika ukoo ule. Katika Kivu kuna watu wengi wanaoitwa Bahati, wengine ni mashemasi. Hatuoni sababu ya kuwabadilishia majina.

MATUMIZI, HASA KWA WAFASIRI

Sasa tuseme na wafasiri wetu na vijana wanaojifunza Kiingereza, kwa maana kujua asili bila kujua matumizi ni kubeba jembe begani bila kulima.

«Joy» ni jina la kitu. Kiswahili chetu kinasema «niko na furaha», na kijana anageuza neno kwa neno anasema «I am joy». Mwingereza atadhani amejitaja jina, kwa kuwa wanawake wengi wanaitwa Joy kama kwetu wanavyoitwa Furaha. Mtu mwenye furaha ni «joyful», au «full of joy». Katika mambo madogo ya kila siku, mshahara umelipwa, mvua imeacha, rafiki amefika, Waingereza husema «happy» au «glad», na «joy» wanaliweka akiba kwa mambo mazito zaidi: mwanamke aliyejifungua, mtoto aliyepotea akarudi, ibada. Mtu akilia kwa furaha, machozi yale ni «tears of joy». Ukilitumia kwa kila chai na kila mkate, masikio yao yatachoka.

Zamani lilikuwa pia kitendo. Habakuki 3:18 katika Biblia ya 1611 linasimama hivyo, nabii akisema atafanya hivyo katika Mungu wake hata kama mtini hautatoa maua na zizi halina ng'ombe. Leo kitendo hicho kimeachwa, wanasema «rejoice», ambalo mwanafunzi wa Kifaransa atalitambua: ni «réjouir» lililovaa nguo nyingine.

«Enjoy» ndilo linalowaangusha wafasiri wengi. Lina «joy» ndani yake, nao wanalitafsiri kufurahia kila mahali. Lakini kama «jouir de» ya Kifaransa, lina maana ya kuwa na kitu na kupata faida yake. Mtu «enjoys» haki zake kama raia «anavyojouir». Maana yake anazo na zinamfaa, hata kama siku ile ana huzuni. Tena kitu chenyewe si lazima kiwe chema: Waebrania 11:25, mahali Musa anapokataa anasa za dhambi za kitambo, 1611 inatumia «enjoy». Mfasiri aangalie ni kitu gani kinachofurahiwa kabla ya kufungua kinywa.

Yako na maneno mengine ya mtaani ambayo mfasiri ayajue, hata kama hayatamfikia kanisani. Mwingereza akikuuliza «any joy?» baada ya wewe kutoka ofisini, haulizi habari ya moyo wako, anauliza kama ulifanikiwa. «Killjoy» ni mtu anayeharibu furaha ya wengine. «Joyride» ni kuchukua gari la mtu bila ruhusa na kulikimbiza ovyo. Mtu asije akatangaza safari ya kwaya kwa jina hilo.

Kazi ya mfasiri si ndogo, wapendwa. Wengine wanamtazama kama kipaza sauti. Someni Nehemia 8. Walawi wanasimama kati ya watu, wanasoma sheria na kuwaelewesha maana yake (mstari wa 8). Watu wanalia. Wanaambiwa wasilie, na neno la furaha ya Bwana linasemwa hapo (mstari wa 10). Kisha mstari wa 12 unaeleza kwa nini walikwenda kula na kushangilia: kwa sababu walikuwa wamefahamu maneno waliyohubiriwa. Furaha ile ilipita katika vinywa vya wafasiri. Kama Mlawi mmoja angekosea neno, kundi lililokuwa mbele yake lingerudi nyumbani na machozi yake.

MAHALI AMBAPO «JOY» LIMEFICHWA

Tumalizie na jambo ambalo Kiingereza hakikuweza kulibeba, na Kiswahili pia.

Katika Kigiriki cha Agano Jipya furaha ni «chara», na kitendo chake ni «chairo», kufurahi. Wagiriki walikuwa na desturi ya kusalimiana kwa neno hilo. Walipokutana njiani walisema «chaire», kwa mzizi wake ni kama kusema: ufurahi. Ilikuwa salamu ya kawaida, kama sisi tunavyosema jambo bila kufikiri jambo gani. Ndiyo maana wafasiri wanaandika salamu, nao hawakukosa. Ila kuna mahali ambapo, kwa kuandika salamu, furaha imetoka machoni.

Yakobo anafungua barua yake kwa salamu hiyo, neno la mwisho la mstari wa 1. Mara tu katika mstari wa 2 anawaambia ndugu wahesabu majaribu kuwa furaha, «chara». Msomaji wa Kigiriki alisikia neno la mwisho la salamu likigonga mwanzo wa fundisho. Msomaji wa Kiingereza anaona «greeting», kisha «joy», hajui kwamba ni ndugu. Msomaji wa Kiswahili vile vile.

Na Mathayo. Katika 27:29 askari wamemvika Yesu taji ya miiba, wamempa mwanzi mkononi, wanapiga magoti na kumsalimu kama mfalme. Neno walilolitumia kumdhihaki ni «chaire». Walimwambia ufurahi, kisha wakamtemea mate. Biblia ya 1611 inaandika «hail», ya kwetu inaandika salamu.

Geuzeni ukurasa mmoja. Katika 28:9, alfajiri ya siku ya kwanza ya juma, wanawake wanakimbia kutoka kaburini wakiwa na hofu na furaha kubwa. Mstari wa 8 unalitaja neno «chara» waziwazi. Yesu anawakuta njiani. Neno la kwanza analosema baada ya kufufuka, katika Injili hii, ni «chairete», lile lile la askari, sasa kwa wengi. Mfasiri akifika hapo asome salamu kama ilivyochapishwa. Mwalimu wa somo awaambie watu lililo chini yake.